Goti la Mama Mkwe

Mambo ambayo Batholomeo aliambiwa akumbuke yalikuwa matatu tu: inamisha macho, usimsogelee, usimpe mkono.

"Hata salamu?" aliuliza siku hiyo, wakiwa wamesimama mlangoni mwa duka la dawa pale Nkende, Nyangi akiwa bado amevaa koti lake la kazi.

"Unamwamkia ukiangalia chini. Ataitikia kwa mbali, halafu ataondoka zake. Basi, umemaliza. Kwetu mama mkwe haangaliwi usoni, wala hagusiki. Tunaita ensoni."

"Ndiyo nini?"

"Heshima. Na aibu. Ni kitu kimoja, sisi hatukigawanyi."

Batho alicheka, kale kacheko kake kalikokuwa kakimlegeza Nyangi tangu siku ya kwanza alipoingia dukani kuulizia bandeji. "Kwetu Mbinga nako wakwe wanaheshimiwa, lakini si mpaka mtu uhesabu vidole vya miguu."

"Basi wewe hesabu. Nakuomba, Batho. Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako nitahesabu mpaka kucha."

Batho hakuwa mtu wa ahadi hewa. Ndiyo maana Jumamosi ile, wageni walipoketi sebuleni kwao Kenyamonta kuleta posa, Nyangi alisimama nyuma ya mlango wa jikoni roho ikiwa mkononi, akijipa moyo. Atainamisha macho. Mama naye atajifunika kanga. Wataamkiana, watapishana, na siri yangu itabaki yangu.

Maskini Nyangi! Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imebakiza hatua kumi na mbili, kutoka jikoni hadi sebuleni.

Siri yenyewe ilikuwa hivi. Mama yake, Getruda, alikuwa mponda mawe. Mumewe, Mzee Waitara, alipofariki, Nyangi alikuwa darasa la tano, na rashi, zile mbio za watu kukimbilia dhahabu, ndiyo kwanza ilikuwa imeshika moto kule vilimani. Watu walimiminika kutoka Shinyanga, kutoka Singida, hata ng'ambo ya mpaka. Wanaume walishuka mashimoni, wanawake wakabaki juu na nyundo. Getruda alibeba viroba vya mawe mgongoni, akavitua, akaketi chini miguu imenyooshwa, akaponda. Miaka kumi na minne. Sare za Nyangi zilitoka kwenye nyundo ile, godoro la bweni, mpaka ada ya chuo cha dawa. Halafu magoti yakagoma. La kushoto lilizidi: lilivimba, likawa linakwaruza ndani kama mtu anayesaga mchanga, likakataa kukunjuka vizuri asubuhi. Walioliona walisema mafuta ya goti yameisha. Daktari aliyelipiga picha alisema mifupa imesagika.

Na mjini Tarime kipindi hicho, mtu aliyetajwa kwa habari za magoti alikuwa mmoja: yule kijana wa Kimatengo kwenye kliniki ya Nkende, aliyekuja kuwatibu wachimbaji walioumia migongo, akabaki. "Hakuchomi sindano," watu walisema. "Anakushika tu goti kwa mikono, analisogeza huku na huku, anakupa mazoezi, baada ya wiki kadhaa unashangaa unatembea."

Kijana huyo ndiye Batho. Batho wa Nyangi.

Angefanyaje? Akimwambia mama kwamba huyo ndiye anayetaka kumwoa, mama asingekubali aguswe hata ukucha. Akinyamaza, goti lingepona. Jumatano ya kwanza alimpeleka. Mama alipofika akapitia bombani nyuma ya kliniki anawe miguu, na Batho, kadi mkononi, akamuuliza Nyangi swali wanaloulizwa wasindikizaji wote:

"Huyu mgonjwa ni nani wako?"

Nyangi alitazama dirishani. Alimwona mama yake ameinama pale bombani, anasugua visigino kwa jiwe, miguu imepasuka, ina ile rangi ya kijivu ya vumbi la mawe ambayo sabuni zote za Tarime zilishindwa kuitoa. Kidole gumba cha mguu wa kushoto hakikuwa na kucha. Nyundo ilikichukua zamani. Kisha akatazama shati la Batho lililopigwa pasi.

"Ni mama mmoja wa kijijini kwetu," akasema. "Nimemsindikiza tu."

Alijiambia amesema vile kwa ajili ya goti. Alijiambia mara nyingi mno, mpaka akakaribia kuamini.

Jumatano nane zikapita. Jioni Batho alikuwa akimsimulia, "Yule mama wa kijijini kwenu leo amepanda ngazi tatu! Ana moyo yule, wee acha tu. Kuna siku alilia, nikasimama mpaka akamaliza." Na mama naye, akirudi stendi, alimshika Nyangi mkono, "Mwanangu, yule daktari amelelewa. Mikono yake ina adabu. Huyo wako anayekuja kuleta posa, naomba awe hata nusu ya yule." Kila mmoja alimsifu mwenzake, na Nyangi akawa anatazama pembeni. Kila wiki alisema, wiki ijayo nitawaambia. Wiki ijayo haikufika.

*

Sebuleni mambo yalianza vizuri. Mzee Magige, kaka yake marehemu Waitara, ndiye aliyekaa kiti kikubwa. Mshenga, Mzee Nikolaus, Mmatengo mwenye duka la nguo Nkende, alikuwa amekwisha kuzungusha maneno yake yote ya adabu.

"Mura, kijana wangu," Magige alimgeukia Batho, "kwenu mna ng'ombe, au mna kahawa tu?"

"Kahawa tutaigeuza iwe ng'ombe, mzee wangu," Nikolaus aliwahi.

"Isije ikawa ng'ombe wa kuchemsha na sukari!"

Watu wakacheka. Shangazi Agatha, mdogo wake Magige, aliyekuwa akipitisha sahani ya karanga, alicheka kuliko wote. Batho alicheka akiwa ameinamisha kichwa, na Nyangi, akimchungulia, alimpenda upya. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyombana kidogo mabegani. Alipoinua macho mara moja yakakutana na ya Nyangi mlangoni, na yale macho yakasema, umeona ninavyojitahidi? Nyangi akajikuta anatabasamu.

"Wifi!" Agatha akaita. "Njoo wageni wakuone, urudi jikoni kwako."

Mama akaiacha fimbo yake ukutani. "Leo siendi kwa mkwe wangu na mti," alimnong'oneza Nyangi, akavuta kanga mpaka kwenye paji la uso, akatoka.

Hatua ya kwanza, ya pili. Batho alikuwa anatazama sakafu, kama alivyoagizwa. Alitazama kwa utii wote. Na kwa kuwa alitazama sakafu, aliiona miguu. Mguu wa kulia ulikanyaga imara. Wa kushoto ulipiga kanusu-duara kadogo kabla ya kutua, mwendo ambao yeye mwenyewe alipigana nao Jumatano nane. Halafu kikaingia kile kidole gumba kisicho na kucha.

Batho akasahau yote.

"Mama Getruda!" Aliruka kitini, uso umejaa furaha. "Umeacha fimbo! Unatembea bila fimbo!" Na kabla mtu hajavuta pumzi, alikwisha kuchuchumaa mbele yake na kuweka kiganja juu ya goti lake, kama alivyozoea. "Hebu kunja kidogo nione. Linakunja?"

"Yesu wangu!" Shangazi Agatha alipiga kelele. Karanga zikamwagika sakafuni.

Getruda aliuangalia ule mkono gotini kwake. Akaiangalia suti. Akageuza shingo polepole, akamwangalia binti yake pale mlangoni, na hapo Nyangi aliona mama yake anaelewa jambo zima, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuambiwa neno. Kisha akajifunika uso wote kwa kanga, akageuka, akakimbia. Alikimbia na lile goti! Mlango wa chumba chake ukajibamiza.

Mzee Magige alikuwa amesimama. "Mura. Unamfahamu wapi huyu mama?"

Batho bado alikuwa amechuchumaa, mkono uko hewani. "Ni mgonjwa wangu, mzee. Miezi miwili namtibu goti. Yeye hapa ni nani?"

Watu wote wakamtazama Nyangi. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya Kenyamonta haikuwa na huruma hiyo.

"Nyangi," Batho akasema, na sauti ilikwisha kubadilika, "huyu mama ni nani wako?"

"Ni mama yangu."

"Uliniambia ni mama mmoja wa kijijini kwenu."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayeuliza ili aelewe. Lakini nyumba ilikuwa ya mabati, haina dari, na maneno yaliruka ukuta yakaingia chumbani. Kule ndani kitanda kililia mara moja, kikanyamaza.

Mzee Magige alivuta pumzi ndefu. "Sikilizeni. Mgeni hakujua, hilo nimeliona. Lakini mwanaume aliyemshika goti mama huyu, akaliona na paja lake, mimi siwezi kumwita mkwe kwa mdomo wangu. Aliyeaibishwa ni Getruda. Akimwita mkwe, nami nitamwita mkwe. Asipomwita, mtarudi mlikotoka, na yule mbuzi wa kuwachinjia wageni nitamfungulia arudi malishoni. Sasa nendeni nje mtupe nafasi."

*

Nyangi alimkuta Batho nyuma ya zizi la ng'ombe, amesimama peke yake. Mzee Nikolaus alikuwa amejitenga barabarani na simu yake, anajifanya anatafuta mtandao.

"Batho."

"Usinishike."

"Sikukushika."

"Nasema mapema." Alikuwa anaviangalia viganja vyake, anavigeuza. "Unajua nimefanya nini leo? Nimemvunjia mama yako heshima mbele ya shemeji yake, kwa mikono hii. Na nimeifanya kazi hiyo Jumatano nane. Wewe unaniletea chai, unaniuliza, vipi mgonjwa wako? Ulikuwa unaniuliza, Nyangi!"

"Nilitaka apone. Mama asingekubali umtibu kama angejua wewe ni nani. Nilifanya kwa ajili ya goti lake."

"Sawa. Hapo ungemficha yeye." Aliinua macho. Hayakuwa na hasira. Afadhali yangekuwa nayo. "Mimi ulinifichia nini? Ungeniambia, 'Batho, huyu ni mama yangu, na mila yetu hairuhusu.' Ningempeleka kwa mwenzangu Musoma. Au ningekufundisha wewe umfanyie nyumbani. Mikono inafundishika. Kwa nini mimi ulinidanganya?"

Lile jibu lake la kila siku, la goti, halikufika hapo. Chini yake palikuwa na jibu jingine, na hilo alilijua tangu dirishani kule kliniki.

"Nilimwonea aibu," akasema.

"Sijasikia."

"Nilimwonea aibu!" Machozi yakaanza kumtoka. "Miguu yake. Vumbi. Wewe ulikuwa umevaa shati jeupe, na mimi nilikuwa nimekwambia tuna shamba na mifugo, sikukwambia kuhusu nyundo. Nikafikiri ukijua nimetoka kwenye mawe utaniona wa mawe."

Ng'ombe mmoja alikohoa zizini.

"Mimi baba yangu alichimba makaburi ya parokia," akasema hatimaye. "Kila maiti Mbinga nzima, Batholomeo na baba yake wapo na sepetu. Nilikusimulia wiki ya pili tu. Ulisema nini?"

"Nilisema ni kazi ya heshima."

"Na mimi nikakuamini." Akageuza uso. "Mtu anayemkana mama yake mzazi mbele yangu, kesho atanikana mimi mbele ya nani? Hebu niambie. Nakupenda, Nyangi, hilo sitakudanganya. Lakini leo sijui nampenda nani."

Maneno hayo yalimwingia mpaka kwenye mifupa.

Kabla hajajifuta machozi, Shangazi Agatha alitokea mbio, kilemba kimelegea. "Nyangi! Mama yako goti limekwama! Lilipinda pale alipokimbia, sasa halinyooki wala halikunji, limevimba. Amekaa anang'ata kanga. Daktari, njoo basi, njoo!"

Batho alipiga hatua mbili za haraka kuelekea nyumba. Ya tatu haikutua. Sauti ya Getruda ilitoka dirishani, nyembamba kwa maumivu lakini kali:

"Asiingie! Akivuka mlango huu, hakuna mkwe na hakuna mama!"

*

Chumbani kulikuwa na mwanga hafifu. Getruda aliketi kitandani, mguu wa kushoto umekunjika nusu, mikono miwili imelizunguka goti. Hakuinua uso.

"Mama."

"Mama mmoja wa kijijini," Getruda alisema.

Nyangi alipiga magoti sakafuni.

"Nilisikia. Nyumba hii haina dari, unajua." Alihema, maumivu yakampitia, akasubiri yapite. "Nyangi, mimi nimeshikwa paja na mkwe bila kujua. Ni aibu, lakini nitaoga, wazee watasema maneno yao, itaisha. Hii nyingine, ya kukanwa na mtoto niliyemzaa, nitaioga kwa maji gani?"

"Nisamehe, mama."

"Nilikutia aibu wapi? Niambie tu. Ni siku ile nilipokuja shuleni kwenu na ndala?"

Siku hiyo Nyangi alikuwa kidato cha pili. Alimwona mama getini, na akajificha maktaba mpaka mama alipoacha mzigo kwa mlinzi na kuondoka. Miaka yote alidhani mama hakujua. Ee Mungu, alijua! Alijua, na mwezi uliofuata alileta mzigo mwingine.

Nyangi aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ukingo wa kitanda, akalia kwa sauti, kilio kile cha mtoto mdogo kisichojali nani anasikia.

"Usilie, goti halinyooki kwa machozi," Getruda alisema, lakini sauti ilikuwa imelegea kidogo.

Nje, chini ya dirisha, mtu alikohoa. Pazia lilikuwa limeshushwa. Kupitia uwazi wa pembeni Nyangi aliuona mgongo wa suti ya kijivu, umeelekezwa ukutani, mwenyewe anatazama shamba la mihogo.

"Nyangi," Batho aliita. Alisema kwa ile sauti ya kliniki, tulivu. "Mimi nipo nje na sitageuka. Nitakuelekeza, utafanya wewe. Umenielewa?"

"Sijui kufanya."

"Utajua. Kwanza nijibu swali ninalomuuliza kila msindikizaji." Uani palikuwa na watu. Mzee Magige alikuwa amesimama pale, na Nikolaus, na majirani wawili waliokuja kwa harufu ya pilau. "Huyo mgonjwa ni nani wako?"

Nyangi alijifuta pua kwa mkono. Alisimama, akasogea dirishani ili sauti isipotee.

"Ni mama yangu," akasema.

"Sema watu wasikie," alisema Batho, kwa upole.

"Ni mama yangu! Anaitwa Getruda! Ni mponda mawe, ameponda miaka kumi na minne, na mimi nimesoma kwa nyundo yake! Mimi ndiye niliyemkana, yeye hakukosa kitu!"

Kwa mbali Shangazi Agatha alisikika akipenga.

"Haya," Batho akasema baada ya kitambo, na safari hii sauti ilikuwa na mkwaruzo. "Kunja kanga, iwe kama mto mdogo, weka chini ya goti lake. Usilinyooshe kwa nguvu. Pasha viganja vyako moto kwanza."

Nyangi alisugua viganja. Mama alikuwa anamtazama. Tangu apate akili Nyangi hakuwahi kuigusa miguu ile; alipomaliza kunyonya na kubebwa, aliiacha ikawa ya mama peke yake. Sasa aliiweka mikono. Ngozi ilikuwa ngumu, ina joto la uvimbe, na juu ya goti kulikuwa na makovu madogomadogo yaliyorushwa na chembe za mawe. Aliyapapasa moja moja.

"Juu ya goti kuna kifuniko cha mfupa. Kishike kwa vidole vinne, viwili kila upande. Umekipata?"

"Nimekipata."

"Sukuma taratibu kwenda chini, kuelekea mguuni. Kidogo sana. Hesabu mbili, achia. Usikande, Nyangi! Najua mnapenda kukanda. Ukikanda unaamsha uvimbe. Ni kusogeza tu."

Alisukuma. Kile kifuniko kilikuwa kigumu kama kimegandishwa. Akaachia, akasukuma tena. Getruda alivuta pumzi kwa meno.

"Mwambie inauma upande wa ndani," alimwambia Nyangi. Hakumwambia mtu aliye nje. Mama mkwe hasemi hivyohivyo na mkwe.

"Anasema inauma upande wa ndani."

"Inauma ya kuchoma, au ya kuvuta?"

"Mwambie ya kuvuta."

"Ya kuvuta."

"Hiyo ni nzuri. Ikichoma unaacha. Sasa pembeni, kulia, kushoto. Usiwe na haraka."

Wakaenda hivyo, neno linatoka nje, linapita kwa Nyangi, linafika kitandani. Jibu linarudi njia ileile. Batho alimwelekeza ashike mguu chini ya goti kwa mikono miwili, auvute kwake polepole kana kwamba anataka kuupa mfupa nafasi ya kupumua, aulegeze, auvute tena. Jasho lilimtiririka Nyangi. Hakujua kazi ya Batho ilikuwa nzito hivi, na ilitaka upole kiasi hiki. Mara ya kumi, au ya kumi na tano, kitu kilijongea chini ya viganja vyake. Mguu ukashuka wenyewe, kidogo, kidogo tena, mpaka kisigino kikagusa godoro.

Getruda alishusha pumzi ndefu. Akafumba macho. Mkono wake mmoja, wenye sugu za nyundo, ukatua kichwani kwa Nyangi, ukakaa hapo.

"Umenyooka," Nyangi alisema, na hakujua anamwambia nani kati ya wawili hao.

"Sasa apumzike," sauti ikajibu kutoka nje. "Kesho asubuhi utarudia, na jioni. Mimi sitamgusa tena. Nitakufundisha, wewe utakuwa mikono." Kisha ikaongeza kwa chini, maneno ambayo hayakuwa ya goti: "Sijasema nimesahau, Nyangi. Ila nimekusikia dirishani. Nimekusikia vizuri."

Nyangi alijisikia mchafu bado. Aibu ya miaka haitoki kwa siku moja, na hakutaka imtoke haraka hivyo.

Jua lilikuwa limepanda likapita paa la zizi, na upande ule wa nyumba haukuwa na hata mti. Uani, Mzee Magige alikohoa, kikohozi cha mtu anayesubiri neno.

Getruda alifumbua macho, akatazama pazia, mahali ambapo kivuli cha mabega mapana kilikuwa kimechorwa na jua.

"Amesimama juani muda wote huu?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na suti yake."

"Na suti yake."

Getruda alijivuta, akaweka kanga yake sawa begani, akaivuta mpaka kwenye paji la uso kama alivyokuwa ameivaa asubuhi. Akasafisha koo. Na aliposema, alisema kwa sauti ya kufika uani, hadi kwenye kiti kikubwa cha Magige.

"Mwambie mkwe wangu asogee kivulini."

Nyangi aligeukia dirisha apeleke neno. Lakini nje hatua zilikwisha kusikika, taratibu, zikizunguka kona ya nyumba kwenda upande wenye kivuli. Na uani Mzee Magige alikuwa anaulizia kisu cha kumchinjia mbuzi kimewekwa wapi.